Niambie Nani Anaondoka

Mwaka 2012, nikiwa darasa la sita, mtoto wa jicho alikuwa ameshalifunika jicho la kulia la babu yangu, na la kushoto lilikuwa limechoka. Aliona watu, milango na magari, lakini herufi hakuziona tena. Na babu ni mtu wa magazeti. Ameipenda klabu ya mpira ya Simba tangu ikiitwa Sunderland, kabla ya jina kubadilishwa mwaka 1971, na miaka yote hiyo asubuhi yake ilianzia kwenye meza ya magazeti pale Magomeni Mapipa, mikono nyuma, shingo imeinama, akisoma vichwa vya habari bila kununua, kama wafanyavyo wanaume wengi wa Dar es Salaam.

Basi kazi hiyo nikapewa mimi. Kabla ya kwenda shule nilipita mezani, nikajipenyeza katikati ya watu wazima, nikasoma kila kichwa cha mpira, kisha nikarudi mbio. Babu angekuwa barazani na kikombe chake cha kahawa. Nikimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba na hapohapo anaongeza: "Haya, mke wangu, lete habari."

Ligi ikiendelea kazi ilikuwa rahisi. Nani kashinda, nani kafunga, nani kapewa kadi nyekundu. Ligi ilipokwisha ndipo magazeti yalipoanza kusema lugha nyingine. Hakuna mechi, lakini kurasa zimejaa kuliko wakati wa mechi. Fulani anukia Jangwani. Fulani anyemelewa na Msimbazi. Fulani amalizana na mabosi. Fulani amwaga wino. Simba yashusha mashine. Jangwani ni Yanga, mahasimu wetu; Msimbazi ni sisi Simba.

Babu alinifundisha kuisoma lugha hiyo kama mvuvi anavyomfundisha mwanawe kusoma mawingu. Mchezaji "akinukia", bado hakuna kitu: mtu kamwona hotelini, au wakala wake anataka bei ipande kwingine. "Akinyemelewa", kuna kiongozi kapiga simu. "Wakimalizana", wameelewana kwa mdomo, na maneno ya mdomo hayafungi goli. "Akimwaga wino", hapo tega sikio, ingawa hata akishamwaga wino subiri umwone na jezi mkononi. Na kila mara aliuliza: kichwa kina alama ya kuuliza mwishoni? Ikiwepo, alipunga mkono niendelee na kingine.

Jambo kubwa zaidi alilonifundisha lilikuja siku niliporudi nikihema kwa furaha na majina matatu ya wanaokuja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Usinianzie na anayekuja. Niambie kwanza nani anaondoka."

Sikumwelewa. Nilidhani ni uzee.

Januari 2013 Simba ilimuuza mshambuliaji wetu Emmanuel Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Kijiweni kwetu siku hiyo ilikuwa sherehe. Hakuna aliyewahi kusikia mchezaji wa ligi yetu akiuzwa kwa fedha kama hizo, na watu walishazipangia matumizi: straika kutoka huku, beki kutoka kule, uwanja, basi. Babu aliuliza swali moja, kwamba Okwi akishapanda ndege, mpira ukipotea pale katikati atapelekewa nani ili autafute ushindi peke yake? Hakuna aliyemjibu. Msimu ule Simba, waliokuwa mabingwa watetezi, walimaliza wa tatu, nyuma ya Yanga na Azam. Fedha zenyewe zilizua mgogoro wa miaka. Na Desemba mwaka huohuo Okwi alirudi Dar es Salaam akasajiliwa na Yanga. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na hiyo ndiyo asubuhi ya kwanza niliyotembea taratibu kutoka mezani kwenda nyumbani.

Babu alifanyiwa upasuaji wa macho mwaka 2015. Ulifanikiwa, akarudi kusoma mwenyewe bila hata miwani. Lakini asubuhi ya kwanza ya dirisha la usajili aliniita barazani akaniambia nimsomee. Sikuuliza kwa nini. Tumeendelea hivyo mpaka leo, ingawa sasa mimi niko Morogoro kikazi na meza ya magazeti imehamia kwenye simu.

Kwa wasiofuatilia mpira wetu, nieleze kidogo. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina madirisha mawili: kubwa, katikati ya mwaka msimu ukiisha, na dogo, mwishoni mwa mwaka kuelekea Januari. Klabu inaruhusiwa wachezaji 12 wa kigeni. Namba hiyo 12 ndiyo inayolipa uzito swali la babu. Klabu kubwa zimeshaijaza, kwa hiyo kila unaposikia winga kutoka Ivory Coast anakuja, kuna mtu mwingine, pengine uliyemwimba jina wiki tatu zilizopita, anapewa mkono wa kwaheri. Tetesi ya anayekuja ni nusu ya sentensi. Nusu nyingine haiandikwi mpaka siku bango linapotoka mtandaoni likiwa na picha ya mchezaji na maneno mawili ya Kiingereza, Thank You. Maneno hayo siku hizi ni msamiati wetu kabisa. Mtu anakuuliza, "Umesikia fulani kapewa Thank You?" na wewe unashika kifua.

Mabango hayo yananiuma kwa sababu moja. Aliyekaa miezi sita akacheza mechi nne, na aliyekaa miaka saba akabeba makombe, wanapewa bango lilelile, saizi ileile, maandishi yaleyale. John Bocco alikuja Simba 2017 akitokea Azam, akawa nahodha, akafunga magoli ambayo yametupa ubingwa mara nne mfululizo. Mtu wa namna hiyo anastahili jioni nzima uwanjani, na watoto wake pembeni, na sisi tumesimama.

Lakini nataka kukaa kwenye mwaka 2021, maana naamini mpira wetu uligeuka mwaka ule ndani ya wiki chache za dirisha moja, na sisi tulikuwa tunapiga makofi.

Simba ilikuwa imetwaa ligi msimu wa 2017/18, 2018/19, 2019/20 na 2020/21. Februari 23, 2021, Al Ahly, mabingwa wa Afrika, walikuja Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, wakafungwa 1-0, na aliyefunga ni Luis Miquissone, kijana wa Msumbiji ambaye mwaka 2019 akiwa na UD Songo alitufunga kwa mpira wa adhabu uliotutoa Ligi ya Mabingwa Afrika hatua ya awali. Tulimwona akituumiza, tukamsajili, akaja kuwaumiza wengine. Pembeni yake alikuwepo Clatous Chama wa Zambia. Kuhusu Chama nitasema tu kwamba Desemba 2018 tulihitaji goli moja zaidi dhidi ya Nkana, dakika zinakatika, akalitoa kwa mguso ambao mtu wa kawaida asingeuwaza, na Machi 2019 akarudia mchezo huohuo dhidi ya AS Vita ya Kongo tukaingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Nilikuwepo uwanjani siku ya Vita. Mtu nisiyemjua alinikumbatia akilia, nami nikamkumbatia.

Agosti 2021 wote wawili waliuzwa. Luis akaenda Al Ahly, Chama akaenda RS Berkane ya Morocco. Nilikuwa chuo wakati huo, na kwenye makundi yetu ya WhatsApp watu walifurahi, mimi pia. Tulisema klabu imekua, sasa tunauza kwa wakubwa wa Afrika, fedha zipo, kina fulani wanakuja. Nikampigia babu kumsomea orodha ya wapya. Akanikatiza: "Luis ameondoka?" Ndiyo babu. "Na Chama?" Ndiyo. "Dirisha moja?" Ndiyo. Akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mmeuza miguu, mnashangilia risiti."

Upande wa pili jirani yetu Baba Rehema, Yanga wa damu, alikuwa na orodha yake. Golikipa wa Mali, Djigui Diarra. Kiungo wa Uganda, Khalid Aucho. Na Wakongo watatu: Djuma Shabani, Yannick Bangala na Fiston Mayele. Sisi tuliokuwa na makombe manne mfululizo tuliyasikia majina hayo kama kelele za jirani anayehamisha makabati. Septemba 25, 2021, kwenye Ngao ya Jamii, mechi ya kufungua msimu, Mayele akatufunga mapema, 1-0, akatetema, ile dansi yake ya kushangilia, mbele ya jukwaa. Msimu ule Yanga walichukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Wakaurudia 2022/23, wakaurudia 2023/24, wakaurudia 2024/25.

Sisemi wapya wetu walikuwa wabovu. Pape Ousmane Sakho alikuja dirisha hilohilo, na goli lake la tiktaka dhidi ya ASEC Mimosas likachaguliwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika, kuwa goli bora la mwaka 2022. Henock Inonga alikuwa beki wa kutegemewa. Tatizo lilikuwa kwamba timu ni mazoea. Chama alijua Luis atakimbilia wapi kabla Luis mwenyewe hajaamua, na ujuzi wa namna hiyo hausajiliwi. Unaujenga miaka miwili, unaondoka nao kwenye ndege moja.

Kilichofuata kinanifundisha mpaka leo kuhusu sisi mashabiki na tetesi zetu. Chama alirudi Januari 2022, kweli, na tulimpokea kama ndugu aliyetoka safari. Luis tulimsubiri madirisha matatu. Kila Juni na kila Desemba alikuwa ananukia. Nilijua alama za kuuliza zote, na bado nilikuwa nafungua kila habari. Mwaka 2023 akarudi kweli, na hakuwa yule. Miguu ilikuwa yake, kasi haikuwepo. Mwaka mmoja baadaye naye akapewa mkono wa kwaheri. Nadhani tulikuwa tunausaka mwaka 2021 urudi, na mwaka haumwagi wino.

Kuna watu wanasema tetesi za usajili ni kupoteza muda. Bosi wangu mmoja, mtu mwema, huniambia kila Julai, "Wewe dada, subiri waanze kucheza ndiyo ujue." Nakataa kwa moyo wote. Tulipokuwa katika sakata la Feisal Salum, nilisikia wanawake saluni, nywele nusu zimesukwa, wakijadili kipengele cha kuvunja mkataba kama mawakili. Feisal, Fei Toto wetu wa Zanzibar, alitangaza Desemba 2022 kwamba anaondoka Yanga, akaweka Sh112 milioni kwenye akaunti ya klabu akiamini mkataba unamruhusu. Klabu ikazirudisha, TFF, shirikisho la soka la nchi, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, na nchi ikagawanyika miezi sita. Mpaka Rais Samia, alipowaalika Yanga Ikulu Juni 2023 baada ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, akawaomba walimalize, na siku chache baadaye Feisal akawa wa Azam. Katika miezi ile sita watu wengi wa mtaani kwetu walisoma mkataba wa kazi kwa mara ya kwanza maishani. Msusi wangu alikwenda kuuliza kazini kwa mumewe kama mkataba wake una kipengele cha notisi. Haukuwa nacho. Alikidai, akakipata.

Shabiki hana kura ndani ya chumba cha usajili. Hapigiwi simu, haonyeshwi bei. Ana mdomo wake na kijiwe chake, na humo anatumia kila alichonacho: kumbukumbu, hesabu za umri, habari za binamu anayefanya kazi uwanja wa ndege. Ninaposikia wazee wawili wanabishana nusu saa kama kiungo wa ukabaji aliyetimiza miaka thelathini na mbili aongezewe mkataba, nasikia watu wanaoitunza timu. Ni kama ndugu wanaojadili mahari ya binti. Hawatalala naye nyumba moja, lakini ni wao.

Jambo moja tu kwenye ubashiri wetu huu wa sasa silipendi, nalo ni klipu. Mchezaji anatajwa saa tatu usiku, saa tatu na nusu kuna video ya dakika tatu yenye muziki, na ndani yake hajawahi kupoteza mpira. Tunampa unahodha usiku uleule. Akikosa mechi mbili za mwanzo, hatujui kama amezoea joto, kama familia imefika, kama anaelewana na kocha kwa lugha, tunamwita garasa. Neno hilo ni kali mno kwa kijana aliyevuka mipaka mitatu kuja kutafuta riziki. Babu hakuwahi kuona klipu moja, na aliwajua wachezaji vizuri kuliko sisi kwa sababu alikuwa anauliza maswali: alikotoka alicheza mechi ngapi? Aliumia lini? Kwa nini wenyewe wamemwachia?

Julai 1, 2024 nilikuwa nakula chakula cha mchana. Mkataba wa Chama na Simba ulikuwa umeisha, na wiki nzima alikuwa ananukia Yanga, ila nilishasoma sentensi hiyo mara nyingi sana kwa miaka mingi. Nikafungua simu. Amevaa kijani na njano, anatabasamu.

Nililia, na sikumaliza chakula. Wenzangu walidhani nimepata msiba, na sikuwa na nguvu za kuwaeleza. Nilimwona mtu wa siku ya Vita kwenye jezi ya Baba Rehema.

Usiku nikampigia babu. Alikuwa ameshajua, mtaa mzima ulikuwa umejua, Baba Rehema alikuwa ameshapita barazani mara mbili akiimba. Nikamwambia mitandaoni wanamtukana Chama mpaka mama yake. Babu akawa mkali, na ukali ule sikuwahi kumsikia nao. Akasema mkataba ni ahadi yenye tarehe ya mwisho, na mtu aliyekaa mpaka tarehe ya mwisho ametimiza ahadi. "Kalilie," akasema, "lakini usimtukane. Ulikuwa unamwimba kwa hiari yako." Nimeshika neno hilo. Tangu siku ile, mtu akianza kuchoma jezi ya mchezaji kwenye kundi letu, natoka.

Na dirisha lile la 2024 lilimrekebisha hata babu. Waliondoka wengi: Chama, Bocco, Inonga, Saido Ntibazonkiza, Luis. Kwa kanuni yake tulipaswa kuzama. Wakaja vijana ambao wengi hatukuwajua: Jean Charles Ahoua kutoka Ivory Coast, Steven Mukwala akitokea Asante Kotoko, golikipa Moussa Camara akitokea Horoya ya Guinea. Ahoua alimaliza msimu akiwa mfungaji bora wa ligi kwa magoli 16. Tukafika fainali ya Kombe la Shirikisho, tukapoteza kwa Berkane, 2-0 kwao na 1-1 New Amaan Zanzibar. Ubingwa wa ligi hatukuupata. Ila tulikuwa timu tena. Nikamwuliza babu, sasa lile swali lako? Akafikiri sana. Akasema kuna kuondoka kunakobomoa nyumba na kuna kuondoka kunakofungua dirisha hewa iingie, na mtu wa nje hawezi kujua ni kupi mpaka mvua inyeshe.

Yanga nao walipata yao. Dirisha lilelile Baba Rehema hakulala, kwa sababu Stephane Aziz Ki, mfungaji bora wa msimu uliokuwa umeisha, magoli 21, alikuwa ananukia kila nchi yenye bandari. Alipoongeza mkataba, Baba Rehema alichinja kuku akatuletea sahani, sisi Simba. Mwaka uliofuata Aziz Ki akaenda Wydad. Nilimpigia simu kumpa pole, na nilimaanisha. Akaniambia, "Ahsante mwanangu, wewe unajua."

Halafu ikaja 2025, Mohamed Hussein, tunayemwita Tshabalala.

Wengine wote niliowataja walikuja wakubwa, wakatukuta, wakatuacha. Tshabalala alijiunga na Simba mwaka 2014, mwaka ambao mimi nilianza kidato cha kwanza. Miaka 11 beki tatu yetu, beki wa kushoto, ilikuwa yeye. Nimefanya mitihani yote ya maisha yangu akiwa pale upande wa kushoto, anapanda, anarudi, anapiga krosi, anarudi tena. Akawa nahodha. Alipoanza kunukia Jangwani nilicheka, nikatafuta alama ya kuuliza mwishoni mwa kichwa cha habari. Ilikuwepo. Siku zilizofuata haikuwepo.

Safari hii nilikuwa nyumbani Magomeni, likizo. Nilitoka nje nikamkuta babu barazani, redio mapajani. Shikamoo babu. Marahaba, mke wangu. Nikakaa chini kwenye mkeka kama nilivyokuwa nakaa zamani, na nilikuwa na habari moja tu mkononi.

"Babu, beki tatu ameondoka."

"Amekwenda wapi?"

Nikaelekeza kidole nyumba ya Baba Rehema. Babu akaangalia huko muda mrefu. Akazima redio.

"Miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Ni mingi," akasema. "Mtu ametumika." Akanywa kahawa yake ikiwa imeshapoa. Mlango wa jirani ukafunguliwa, Baba Rehema akatoka na jezi mpya, akatuona tulivyokaa, akarudi ndani bila kuimba. Nitamheshimu kwa hilo siku zote.

Tulikaa hivyo mpaka muuza kashata akapita. Babu akanunua mbili, akanipa moja.

"Haya," akasema. "Anayekuja ni nani?"

Nikafungua simu, nikamsomea jina, nikamsomea umri, na timu anayotoka.

"Mguu gani?"

"Kushoto, babu."

"Akipanda, anarudi?"

Nikaitazama klipu mara ya pili. Ilikuwa na dakika mbili na muziki mkubwa, na kila mara alipopiga krosi picha ilikatwa kabla hajageuka.

"Sijui, babu. Hawaonyeshi."

"Mechi yao itafute nzima," akasema, akivuta kigoda karibu ili naye aone.